Sarafu mpya inapoingia sokoni: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kila sarafu mpya ya kidijitali (kripto) ikitangazwa, simu yangu haipumziki. Nimekuwa nikinunua na kuuza sarafu za siku ya kwanza tangu 2021. Nimepata, nimelizwa, na maswali yanayoingia WhatsApp ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili niwe natuma kiungo tu. Ukija kutafuta jina la sarafu ya kununua kesho, hulipati.

"Imelistiwa" maana yake nini hasa?

Maana yake soko fulani limefungua meza ya kuuzia na kununulia sarafu hiyo, mara nyingi bei ikihesabiwa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayokusudiwa kubaki na thamani ya dola 1. Sarafu yenyewe huenda ilikuwepo miezi mingi kabla.

Meza ziko za aina mbili. Kuna masoko makubwa kama Binance, OKX na Bybit: wenyewe wanachagua sarafu, wanatangaza siku na saa, na meza inafunguliwa kwa dakika ileile iliyotajwa. Halafu kuna masoko ya kwenye mnyororo wenyewe (blockchain, daftari la kidijitali linaloandika miamala), kama Uniswap na Raydium, ambako hakuna wa kukuuliza kitu. Tangu tovuti ya pump.fun ianze Januari 2024, mtu anaweza kutengeneza sarafu ya vipande bilioni 1 akiwa kwenye foleni ya daladala. Mengi niliyoandika hapa yanahusu meza za aina ya kwanza. Za pili zina swali lake huko chini.

Kwa nini bei inaruka dakika za kwanza halafu inaporomoka?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni matawi yake. Kabla hujabonyeza kununua, jiulize: huyu anayeniuzia aliipataje? Siku ya kwanza jibu ni karibu kila mara lilelile. Ama alipewa bure, ama aliinunua zamani kwa bei ya kutupa.

Chukua Hamster Kombat, mchezo wa kwenye Telegram. Katikati ya 2024 ukipita kijiwe cha bodaboda ulikuta vijana wamejiinamia, kidole gumba kinagonga kile kipanya kwenye Telegram. Sarafu yake, HMSTR, ilifunguliwa sokoni tarehe 26 Septemba 2024. Jumla yake vipande bilioni 100, na asilimia 60 ilitengwa kwa ajili ya wachezaji. Bei ilianza karibu na senti 1 ya dola, na mwezi mmoja baadaye ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Wala haikuhitaji mtu wa kuihujumu. Mamilioni ya watu walikabidhiwa mzigo kwa wakati mmoja, gharama yao ikiwa bando na kidole, na kwa mtu wa namna hiyo bei yoyote iliyo juu ya sifuri ni faida. Wewe uliyeingia na USDT ya jasho lako ulikaa upande wa pili wa meza.

Sasa, kama wauzaji ni wengi hivyo, mbona bei hupaa kwanza? Kwa sababu wenye mzigo huchelewa kufika. Wanadai sarafu zao kwa mpigo, mtandao unajaa, zinachukua muda kuingia kwenye akaunti zao za sokoni, huku wanunuzi USDT zao ziko tayari tangu jana usiku. Ni kama pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, mashua nyingi hazijatia nanga: kuna fungu moja la changu na wanunuzi ishirini. Fungu hilo litauzwa kwa bei ya ajabu. Saa moja baadaye mashua zimefika, na aliyenunua lile la kwanza anaona haya kusema alitoa ngapi.

Kwa hiyo ule mshumaa mrefu wa kijani (alama ya bei iliyopanda kwenye chati) unaouona dakika ya pili hausemi kwamba sarafu inapendwa. Unasema wauzaji bado wako njiani.

Mbona Notcoin ilipanda baadaye?

Ni kweli, na huwa nawakumbusha hilo wanaodai kila sarafu mpya hufa. NOT, sarafu ya mchezo mwingine wa Telegram uitwao Notcoin, ilifunguliwa 16 Mei 2024, ikagusa kama senti 1, ikateremka hadi karibu nusu senti ndani ya siku kumi hivi, kisha mwanzoni mwa Juni ikakaribia senti 3. Aliyenunua dakika ya kwanza akavumilia alipata. Lakini aliyesubiri watu wamwage mzigo wao kwanza alinunua kwa nusu bei na akapata mara mbili ya mwenzake, bila kutetemeka mikono. Baada ya Juni ile ilianza kushuka, na mwaka uliofuata ilikuwa chini kabisa ya bei ya siku ya kwanza. Ninao jamaa walioniambia "nashikilia" wakati huo, na hadi leo wameshikilia.

Pi, sarafu iliyokuwa ikikusanywa kwa kubonyeza programu ya simu, nayo ni hivyohivyo, ila kwa machungu zaidi, maana watu walikuwa wakibonyeza ile alama ya radi kila siku tangu 2019. Ilipofunguliwa 20 Februari 2025 ilishuka siku ya pili, ikakaribia dola 3 tarehe 26, na kufikia Aprili ilikuwa chini ya dola 1. Wengi hawakuuza hata ilipokuwa juu kwa sababu uthibitisho wa vitambulisho vyao haukuwa umekamilika au sarafu zao zilikuwa zimefungwa. Kwenye karatasi walikuwa matajiri kwa wiki moja.

Nikiwahi sekunde ya kwanza kabisa?

Utashindana na roboti, na roboti hazisubiri mtandao wa simu. Lakini shida kubwa kuliko kasi ni oda yenyewe. Hebu tuitazame kwa karibu.

Umefungua programu, umeona bei 0.20. Una dola 100, unahesabu utapata vipande 500. Unabonyeza oda ya bei ya soko, ile inayosema "ninunulie kwa bei yoyote iliyopo". Kumbe kwa 0.20 kulikuwa na vipande 200 tu vya kuuzwa. Umevichukua, dola 40 zimekwenda. Anayefuata anauza 150 kwa 0.26, dola 39 nyingine. Za mwisho 21 zinamkuta mtu wa 0.35, anakupa vipande 60. Jumla 410 badala ya 500. Bei ikirudi palepale 0.20 ulipoiona, mzigo wako una thamani ya dola 82. Umepoteza asilimia 18 na sarafu haijashuka hata nukta moja.

Hiyo ilinipata mimi mwaka wa kwanza, ila kwangu ilikuwa mbaya zaidi. Nilinunua kwenye ncha kabisa ya mshumaa, na nikapiga picha ya skrini nikidhani programu imekosea. Haikukosea. Tangu siku hiyo natumia oda yenye bei niliyoiweka mwenyewe. Ikinipita, imenipita.

Tangazo linasema 12:00 UTC. Ni saa ngapi huku?

Usicheke, swali hili limewakosesha watu hela. UTC ni saa ya kimataifa. Ongeza saa tatu: ni saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, na simu yako itaandika 15:00. NOT na HMSTR zote mbili zilifunguliwa saa hiyo. Binamu yangu alisoma "12:00" akaelewa saa kumi na mbili jioni, akaoga, akala, akakaa mbele ya chati na uji wake, soko likiwa limeshachemka na kupoa kwa masaa matatu. Mlioko Kinshasa ongezeni saa moja tu, Lubumbashi na Bujumbura mbili, Muscat nne.

Nimepewa sarafu za bure, sijanunua. Niuze zote siku hiyohiyo?

Wewe ndiye mwenye mashua sasa, na ushauri unageuka. Mimi huuza sehemu kubwa saa ya kwanza na kubakiza kidogo nisichokihesabia. Mwenzako anaweza kukwambia ubakize zote akutolee mfano wa NOT, na hatakuwa amedanganya. Muulize tu kama angeinunua leo kwa hela yake. Akisita, umepata jibu.

Ila kuna jambo la kiufundi linaloumiza wengi kabla hata ya kufikia kuuza. Ukihamisha sarafu kutoka kwenye pochi yako ya kidijitali kwenda sokoni kupitia mtandao wa TON, ule unaotumiwa na NOT na HMSTR, masoko mengi hutaka anwani pamoja na namba fulani ya utambulisho, maana anwani ni moja kwa wateja wote na namba ndiyo inayoonyesha mzigo ni wa nani. Nilishawahi kuisahau. Sarafu zilifika, soko likazipokea, akaunti yangu ikabaki sifuri. Niliandikiana na huduma kwa wateja siku tisa, na siku sarafu ziliporudi bei ilikuwa imeshakwenda na maji. Jaribu kwa kiasi kidogo kwanza, siku kadhaa kabla ya ufunguzi kama inaruhusiwa.

Bei ni senti tu. Ikifika dola 1 si nitakuwa tajiri?

Zidisha kwanza. HMSTR bilioni 100 kwa dola 1 ni dola bilioni 100. Nani ataileta hiyo hela? Bei ya kipande kimoja peke yake haisemi kama sarafu ni rahisi au ghali, kama vile bei ya punje haikwambii bei ya gunia.

Halafu angalia vipande vingapi viko mtaani sasa hivi na vingapi bado vimefungwa ghalani. Sarafu ya TRUMP ilipotoka 17 Januari 2025, vipande milioni 200 kati ya bilioni 1 ndivyo vilivyoachiwa. Asilimia 80 ilibaki kwa kampuni zenye uhusiano na Trump mwenyewe, ya kuachiliwa polepole kwa miaka mitatu. Tarehe 19 ilivuka dola 70. Siku hiyohiyo ikatoka ya mkewe, MELANIA, na hela zikahama mlango wa pili. Kufikia mwisho wa Februari TRUMP ilikuwa chini ya dola 15.

Na usidhani ni sarafu za mzaha peke yake. ICP ni mradi wenye wahandisi wa kweli, ilifunguliwa 10 Mei 2021 kwa mamia ya dola, na kabla Juni haijaisha ilikuwa chini ya dola 50. Mimi mwenyewe niliisoma makala yao nikaamini. Nilichokisoma kilikuwa sahihi, ila ratiba ya kufunguliwa kwa mzigo sikuisoma.

Kuna kundi la VIP wanajua kabla haijatangazwa. Nilipie?

Kuna uwezekano wa aina mbili. Ama hawajui kitu, nao wamenunua jana na wanahitaji wewe ununue leo ili watoke. Ndiyo maana "ishara" hutumwa kwa wote kwa sekunde moja, na wa kwanza kuuza ni mwenye kundi. Ama wanajua kweli, na hapo mnaongelea jinai. Ishan Wahi alikuwa meneja wa Coinbase, soko la sarafu la Marekani, akawa anampenyezea ndugu yake na rafiki yake habari za sarafu zinazokaribia kuorodheshwa, wakanunua kabla na kupata zaidi ya dola milioni 1. Mei 2023 alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 2. Mtu mwenye habari za aina hiyo haziuzi Telegram kwa shilingi elfu thelathini kwa mwezi.

Zile za Solana na BNB ambazo hazijafika masoko makubwa?

Solana na BNB ni minyororo ambako yeyote hutengeneza sarafu yake. Huko ndiko kuna hadithi za mtu aliyegeuza dola 50 kuwa 5,000, na ndiko kwenye makaburi. Angalau jua namna tatu za kupigwa.

Ya kwanza, unaweza kununua lakini huwezi kuuza. Sarafu ya SQUID, iliyojipachika kwenye umaarufu wa tamthilia ya Korea, Squid Game, bila uhusiano wowote nayo, ilipanda hadi zaidi ya dola 2,800 tarehe 1 Novemba 2021 na siku hiyohiyo ikarudi karibu na sifuri. Chati ilikuwa ya kupendeza kwa siku kadhaa kwa sababu waliojaribu kuuza walikuwa wakikataliwa. Chati isiyo na mshumaa mwekundu hata mmoja si habari njema.

Ya pili, mwenye sarafu anaondoa USDT au SOL (sarafu ya Solana) iliyowekwa kwenye bwawa la kubadilishia, na wewe unabaki na vipande visivyo na wa kuvinunua. Tarehe 14 Februari 2025 rais Javier Milei wa Argentina aliitaja sarafu ya LIBRA kwenye ukurasa wake. Thamani yake ilivuka dola bilioni 4, na ndani ya masaa machache pochi za watu wa karibu na mradi zilikuwa zimechota mamilioni. Milei akafuta alichoandika. Jina la rais halikumsaidia aliyenunua.

Ya tatu ni sarafu bandia yenye jina la ile ya kweli. Mtu yeyote anaweza kuita sarafu yake jina lolote, kwa hiyo linganisha anwani ya mkataba (herufi na namba ndefu zinazotambulisha sarafu kwenye mnyororo) na ile iliyo kwenye tovuti ya mradi. Herufi nne za mwanzo na nne za mwisho hazitoshi, soma zote.

Nitumie fyucha, na mkopo wa mara 20?

Fyucha ni kubashiri bei kwa mtaji uliokopwa sokoni, na kwa mara 20 bei ikienda kinyume chako asilimia 5 tu, mtaji wote umekwenda. Sarafu ya siku ya kwanza inatembea asilimia 5 wakati unapiga chafya.

Nianze na kiasi gani?

Kiasi ambacho kikipotea hutamweleza mtu nyumbani. Ila kidogo mno nacho kina tatizo lake ambalo watu hawalioni. Oda ndogo kabisa kwenye masoko mengi ni kama dola 5. Ukinunua za dola 10 ukapanga kuuza kwa mafungu matatu, fungu la kwanza la dola 3 na senti litakataliwa, na utaligundua hilo wakati bei inashuka.

Hesabu pia safari nzima ya hela. Chukulia umenunua USDT kwa mtu kwenye P2P (mnauziana ninyi wawili moja kwa moja) kwa shilingi 2,620 na utaiuza kwa 2,560: hapo asilimia 2.3 imekwenda. Ada ya soko, kwa kawaida asilimia 0.1 kununua na 0.1 kuuza. Ongeza makato ya kutoa kwa wakala. Unaanza mbio ukiwa nyuma kwa karibu asilimia 3, na kodi bado.

Na kodi? Na sheria?

Tanzania: Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Hata hivyo, Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, kuanzia Julai mwaka huo. Angalia vizuri: ni asilimia 3 ya malipo, si ya faida. Kwa anayeshika sarafu mwaka mzima hiyo si kitu. Kwa anayeingia na kutoka mara kumi kwa wiki ni msumeno.

Kenya nayo ilianza na asilimia 3 ya aina hiyo Septemba 2023, kisha 2025 ikaiondoa na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada wanazotoza watoa huduma. Oktoba mwaka huohuo rais alitia saini sheria ya kusimamia watoa huduma hao. Mambo haya hubadilika kila bajeti, kwa hiyo soma sheria ya mwaka ulio nao.

Kwenye P2P nimelipwa na jina tofauti. Niachie USDT?

Usiachie. Jina la aliyetuma kwenye simu lifanane na jina la akaunti unayouziana nayo. Likitofautiana, huenda hela ni ya mtu wa tatu aliyetapeliwa, naye akilalamika namba inayofungiwa ni yako. Usikubali picha ya ujumbe wa malipo pia, fungua salio lako uone mwenyewe. Nimesimama dirishani kwa mtoa huduma nikieleza chanzo cha shilingi laki mbili, na niamini, "kripto" si neno linalofupisha foleni.

Ni halali kidini?

Masheikh wenyewe wamehitilafiana, sembuse mimi. Muulize unayemwamini, na ukimwuliza mweleze ukweli wote: kwamba unanunua kitu saa tisa ili ukiuze saa tisa na dakika ishirini.

Nikope?

Hapana.

Nipange vipi kuuza?

Kabla soko halijafunguliwa, andika kwenye karatasi namba tatu: bei ya juu kabisa utakayokubali kununua, bei utakayotoa nusu, na bei utakayokubali umeshindwa. Nasema karatasi kwa makusudi, maana kwenye simu utazifuta. Namba ya kwanza ipate kwa kuzidisha vipande vilivyo mtaani kwa bei, ulinganishe na sarafu za aina hiyohiyo ambazo zimeshatulia, kisha ukate.

Mimi siku hizi siingii kabla ya saa moja kupita, na mara nyingi nangoja siku ya pili. Nakosa baadhi. Nusu ya mzigo ikishauzwa kwa bei iliyorudisha mtaji, iliyobaki sina presha nayo. Kama bei haijafika namba yoyote kufikia usiku, nauza nilale. Kwa kazi yangu hiyo haihesabiwi hasara, ingawa mke wangu ana hesabu yake.

Umeme au intaneti ikikatika katikati?

Oda ya kuuza uliyokwisha kuiweka inakaa kwenye kompyuta za soko, haikai kwenye simu yako. Simu ikizima, oda ipo. Ndiyo maana ukishanunua tu, weka ya kuuza palepale kabla hujafungua chati. Kwenye masoko mengi unaweza kuunganisha ya faida na ya kukata hasara, moja ikitimia nyingine inajifuta. Jaribu kuzipanga siku ya kawaida kwa sarafu iliyotulia, uone vitufe viko wapi. Na chaji powerbank yako kabla ya saa nane.